Kanyagio la Mshonaji

"Kanyagio la nini? Unataka kuendesha gari humu ndani?"

Mkuu wa kitengo, mama wa makamo, alisema hivyo bila kuinua uso. Alikuwa akirekebisha kipanya chake kipya, kile kinachosimama wima kama mtu anayenyoosha mkono wa salamu. Mezani kwake palikuwa na karibu kila kitu kilichoonyeshwa katika katalogi ya vifaa vya ofisi ya mwaka ule: stendi ya kuinulia kompyuta, kibodi iliyogawanyika katikati kama kitabu kilichofunguliwa, kimto cha kulazia viganja, skrini ya pili, na taa inayojiwasha mtu akiisogelea. Mchapaji aliyesimama mbele yake alishika ukurasa mmoja wa katalogi hiyohiyo. Ulikuwa ukurasa wa mwisho, ambao wanunuzi wa ofisi hawakuufikia.

"Si gari, Mkuu. Ni la kusimamisha sauti," alisema. "Unasikiliza, unachapa, ukitaka sauti isimame unatumia mguu. Mkono hauondoki kwenye kibodi."

"Wenzako wanne wanatumia nini?"

"Kipanya."

"Wao hawana miguu?"

Mmoja wa wale wanne alicheka, akajifanya anakohoa. Ndiye aliyekaa meza ya jirani, naye hakuwa mtu mbaya. Ila mtu akichekwa na mkubwa, wadogo huona ni salama kucheka pia.

Kazi ya chumba kile ilikuwa kunakili mashauri ya ardhi. Sauti zilizorekodiwa barazani ziliingia masikioni mwa wachapaji watano, nazo zikatoka vidoleni mwao zikiwa maandishi: ndugu wakigombea mipaka, wajane wakidai viwanja, wazee wakiapa kwa makaburi. Katika wiki yake ya kwanza binti huyu alichapa bila kutazama kibodi hata mara moja, wakamwita Vidole, na jina likamganda hata nyumbani kwao. Sasa kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba na kufungwa bendeji. Muuguzi wa zahanati alikibonyeza, akamwona anavyoruka kitini, akamwambia: "Kuchapa unaweza. Kinachokuua ni safari. Kibodi kwenda kipanya, kipanya kurudi kibodi, mara elfu kwa siku. Punguza safari."

Mkuu aliteremsha sauti. "Binti, mimi sikuchukii. Lakini mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi huu, na wiki tatu mfululizo umekuwa wa mwisho. Ijumaa saa nne asubuhi utafanya jaribio kama mtu mpya. Dakika kumi za sauti, dakika arobaini za kuchapa. Ukipita, unabaki. Ukishindwa, nitaomba masjala wakuchukue ukabebe mafaili."

"Na wasiponichukua?"

Mkuu aliondoa mkono wake juu ya kile kipanya cha kisasa, akausugua kifundo chini ya meza upesiupesi, kisha akaurudisha mahali pake. Vidole aliliona hilo, lakini siku hiyo alikuwa na maumivu yake mwenyewe ya kufikiria.

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani palikuwa na cherehani ya mama, ile ya zamani ya kukanyaga kwa mguu, yenye miguu ya chuma kilichosukwa kama lesi. Ndani, kona ya dirishani, palikuwa na meza ya baba, fundi redio. Redio za kutengeneza zilikuwa zimeadimika, lakini meza haikukosa kitu cha kufunguliwa. Juu yake, katika fremu ya kioo, kilining'inia cheti cha shule ya usiku, alichokipata akiwa na miaka arobaini na sita, na ambacho kila mgeni alionyeshwa kabla hajapewa kiti.

Baba aliupokea ukurasa wa katalogi, akavaa miwani, akausoma wote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini ambayo huandikwa ili yasisomwe.

"Bei yake?" aliuliza mama kutoka kibarazani.

"Mishahara miwili ya mtoto."

"Basi funga hiyo karatasi."

"Bei ni ya kununua," alisema baba. "Sisi tunatengeneza. Kitu kilichofungwa na binadamu, binadamu mwenzake anaweza kukifungua."

"Baba Vidole, hiyo si redio."

"Kila chenye waya ni jamaa ya redio, mama."

Kesho yake, Jumanne, alitoa chini ya meza kibodi mbovu aliyoiokota kwa muuza vyuma chakavu, akaifungua kwa bisibisi ndogo. Ndani hapakuwa na maajabu. Palikuwa na karatasi mbili za plastiki zilizochorwa mistari, na kibao cha kijani kisichozidi kiganja cha mtoto. Alikaa akikitazama kibao kile asubuhi nzima, huku akigusanisha waya kwa waya na kutazama herufi zinavyojitokeza kwenye skrini ya kompyuta kuukuu aliyoiunga kwa vipuri vya kompyuta nne.

"Kumbe!" alisema peke yake, na uso wake ukang'aa. "Kibodi ni swichi mia moja zilizolala kitanda kimoja. Ninayemhitaji ni mmoja tu. Nimwamshe nimhamishie chini ya mguu."

Mama alipita na kikapu cha vitambaa, akasimama. "Mguu wake utakaaje hapo?"

"Mguu ni mguu," alijibu baba, koleo likiwa mdomoni.

Kufikia alasiri lilikuwepo sanduku la mbao, jepesi, lililopigwa msasa vizuri, na juu yake kitufe cha kengele ya mlango. Ukikanyaga mara moja, sauti inasimama. Ukikanyaga tena, inaendelea. Kwa kompyuta, sanduku lile lilikuwa kibodi ya pili, na haikuuliza maswali. Baba alipasha msumari moto, akachoma ubavuni maneno mawili: FUNDI MKUU.

Vidole aliporudi kutoka kazini alilijaribu palepale. Alikanyaga polepole, akifikiria. Lilitii. Akamkumbatia baba yake shingoni kwa mkono mmoja ulio mzima, na baba akamtazama mama juu ya bega la binti, kama mtu anayedai makofi.

"Haya," alisema mama. "Tutaona kesho."

*

Mlangoni mwa ofisi alikaa mtunza stoo waliyemwita Bwana Namba. Hakuna kitu kilichoingia jengo lile bila yeye kukibandika karatasi yenye tarakimu. Walisema siku ya harusi yake alimtafutia bibi harusi mahali pa kubandika.

"Kifaa gani hiki?" aliuliza Jumatano asubuhi, akiligeuza sanduku juu chini.

"Kanyagio, kaka."

"Mtengenezaji?"

"Soma hapo ubavuni."

"Fundi Mkuu." Alikagua kitabu chake kutoka juu hadi chini. "Sina kampuni hiyo."

"Si kampuni. Ni baba yangu."

"Fomu haina nafasi ya baba yako," alisema Bwana Namba kwa upole, akaandika penye nafasi ya mtengenezaji: *Hajulikani.* Kisha akabandika namba na kumruhusu kupita.

Mkuu alikuja mwenyewe kuangalia, akafuatwa na wale wanne. Vidole alivaa vipokea sauti, akachomeka waya, akaliweka sanduku chini ya meza. Sauti ilianza. Alikuwa bibi mmoja, shahidi, mwenye maneno ya chinichini: *jiwe la mpaka lilikuwa hapa, baba yangu alilisimika hapa...*

Vidole alichapa. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Bibi akaharakisha, Vidole akataka asimame. Sauti haikusimama. Aliikimbiza kwa vidole, akatamani tena isimame, haikusimama. Ndipo akakumbuka kwamba lazima akanyage, akakanyaga, ikasimama pale asipopataka. Akakanyaga tena, ikaondoka bila yeye kuwa tayari. Bibi akawa anaongea, ananyamaza, anaongea, kama redio yenye waya uliolegea. Jasho likamtoka. Akalikanyaga sanduku kwa nguvu, na kwa kuwa lilikuwa jepesi na sakafu ilikuwa ya vigae, likateleza likatoka upande wa pili wa meza, likamgonga jirani yake kifundoni, waya ukachomoka.

"Gari limekosa breki!" alisema jirani, na safari hii hakuna aliyejifanya anakohoa. Walicheka mpaka mmoja akajifuta macho.

Mkuu hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Aliinama, akaliokota sanduku lile, akasoma ubavuni, akamkabidhi Vidole kama unavyomkabidhi mtu mtoto wake aliyevunja kitu dukani.

"Litoe kwenye njia ya watu," alisema. "Na Ijumaa uje na mikono."

*

Jua lilikuwa bado halijazama Vidole alipoliweka sanduku mezani kwa baba yake, mkia wa waya ukining'inia.

"Nimeaibika, baba. Limetukimbia kama panya."

Baba alilifungua kabla ya kumjibu. "Swichi nzima. Kibao kizima. Waya ndio umekatika. Umeuvuta."

"Nilipotaka sauti isimame, haikusimama."

"Ulikanyaga?"

"Niliinua mguu."

"Mbona uliinua? Nilikwambia ukanyage!"

"Najua uliniambia! Mimi nilisikia. Mguu ndio haukusikia."

Kibarazani, cherehani ilinyamaza.

"Njoo hapa," alisema mama.

"Mama, nimechoka."

"Sikukuuliza kama umechoka. Kaa."

Vidole alikaa kwenye kiti cha mama. Mbele yake palikuwa na kola ya sare ya shule, moja kati ya sare thelathini alizotakiwa mama kuzimaliza wiki ileile. Miguu yake ilifika yenyewe juu ya kanyagio la chuma, wa kulia mbele, wa kushoto nyuma kidogo.

"Shona. Usiangalie chini. Mwangalie baba yako, mgombane vizuri. Mimi nikisema simama, simama."

"Tugombane kuhusu nini?" aliuliza baba.

"Nyinyi hamkosi."

Basi wakagombana. Baba alisema vijana wa leo hawafuati maelekezo. Vidole alisema maelekezo mengine yanafaa kwa mtu mwenye miguu ya mbao. Cherehani ilikuwa ikikimbia, kola ikipita chini ya sindano. Baba alianza kutaja shule ya usiku, na mama akasema, "Simama."

Sindano ilisimama hewani. Vidole alikuwa bado anamtazama baba yake usoni, mdomo wazi, jibu likiwa njiani.

"Umefanyaje?" aliuliza mama.

"Nimefanyaje nini?"

"Baba Vidole, umeona alichofanya?"

Baba alikuwa ameona. Alipiga magoti sakafuni, akamwomba arudie, mara ya pili na ya tatu. Kila mara ilikuwa vilevile: kidole gumba kikikandamiza, mashine ilikwenda, kidole kikilegea, ilipunguza mwendo, kisigino kikishuka, ilikufa palepale.

"Huu mguu nimeufundisha mimi," alisema mama, "tangu haujafika chini. Nilikuwa namwekea kigoda. Mguu huu unajua kukandamiza ni kwenda na kulegeza ni kusimama. Wewe umemletea swichi ya taa. Bonyeza iwake, bonyeza izime. Akiwa ametulia atakumbuka. Akibanwa na kazi, mguu utafanya ninachojua mimi, si unachojua wewe."

Fundi redio alibaki amepiga magoti. Ukurasa ule wa katalogi alikuwa ameusoma mara sita. Angeweza kuutaja kwa moyo. Lakini katika picha ile hapakuwa na mguu wa mtu. Palikuwa na kanyagio peke yake, limesimama juu ya weupe.

"Nilikuuliza jana," mama aliendelea. "Mguu wake utakaaje? Ukaniambia mguu ni mguu."

"Nilisema hivyo?"

"Na koleo mdomoni."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa chafu. "Nimekosea," alisema. Neno hilo alikuwa amewahi kulisema mle ndani, lakini si mbele ya mtoto, na kamwe si akiwa amepiga magoti. Mama hakulichezea. Aliliacha likae chini kwa heshima yake, kisha akauliza:

"Bisibisi kubwa iko wapi?"

"Ya nini?"

"Mbao inateleza. Chuma hakitelezi." Naye akainama chini ya cherehani yake, akaanza kufungua skrubu zilizoshika kanyagio.

"Mama! Na sare za watu?"

"Gurudumu lina mahali pa kushika. Nitazungusha kwa mkono. Bibi yako alishona hivyo, na nguo zake zilivaliwa."

Baba alishuka akashika upande wa pili. Vichwa vyao vilikaribiana chini ya mashine, na Vidole akawasikia wakizozana kwa sauti ndogo, skrubu ipi itangulie.

"Baba," alisema taratibu. "Kisigino kwenye mashine kinazuia. Kwangu je, hakiwezi kuirudisha sauti nyuma kidogo? Maneno matatu manne tu. Wale mashahidi hula maneno."

Sauti ya baba ilitoka chini ya mashine: "Swichi tatu. Mbele aende, katikati asimame, nyuma arudi. Mama Vidole, umesikia mtoto?"

"Nimesikia. Umenikanyaga mkono."

*

Alhamisi nzima nyumba ile ilikuwa na milio miwili. Kibarazani, gurudumu la cherehani lilizunguka kwa mkono, polepole, na mama akashona kola kwa mkono mmoja tu wa kuongoza, akisonya kila mshono ulipopinda. Ndani, baba alikata mbao nzito, akatengeneza fremu, akalipachika kanyagio la chuma katikati ili lipinde mbele na nyuma, akalehemu waya sita kwenye kibao cha kijani. Hakuamua kitu peke yake. Kila baada ya muda alitoka na mchoro.

"Chemchemi hii ni ngumu sana?"

Mama alivua kandambili, akajaribu. "Ngumu. Atachoka saa sita mchana."

"Hii?"

"Hii italegea ukiipigia chafya."

Ya nne aliikubali. Vidole alipotoka kazini alikaa, akavaa vipokea sauti, akacheza sauti ya taarifa ya habari aliyoirekodi baba redioni. Mama alimkataza kutazama chini. Alichapa ukurasa mzima huku akimsimulia mama yake habari za ofisini, na aliposimama alikuwa hakumbuki hata mara moja kuwa alitumia mguu.

Baba hakupasha msumari moto safari hii. Mama aliliona hilo, akaendelea kushona.

*

"Limekua," alisema Bwana Namba Ijumaa, alipolipokea kwa mikono miwili likataka kumwangusha. "Lililopita lilikuwa mtoto wake?"

"Lile lilikuwa kosa, kaka. Hili ndilo lenyewe."

Ndani, jirani yake wa meza aliinua miguu juu ya kiti kwa mzaha. "Dada, niambie mapema nikimbilie upande gani."

"Kaa tu," alijibu Vidole. "Hili haliendi kwa watu."

Mkuu alilitazama lile kanyagio la chuma kilichosukwa kama lesi. Aliliacha lipite. Pengine hapakuwa na sheria ya kulikataza, au pengine alikuwa na haraka. Aliweka saa juu ya meza. "Dakika arobaini. Anza."

Alikuwa yuleyule bibi, sehemu nyingine ya ushahidi wake. *Jiwe halikutembea lenyewe, waheshimiwa.* Kidole gumba kilikandamiza na bibi akasema. Kidole kililegea, bibi akasubiri kwa adabu. Alipokula maneno, kisigino kilishuka, naye akayarudia bila kulalamika. Mikono ya Vidole haikuondoka kwenye kibodi. Kipanya kililala pembeni kama mbwa asiyeitwa.

Wenzake waliacha kutabasamu kwanza, kisha wakaacha kufanya kazi. Chumbani kulisikika kibodi na mlio mdogo wa chuma, kwenda na kurudi, mlio ambao kila mtu mle aliujua kutoka kibaraza fulani cha utotoni mwake. Jirani alikuwa ameteremsha miguu. "Kama mama anashona," alimnong'oneza mwenzake.

Vidole alivua vipokea sauti. Mkuu alitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena. Dakika thelathini na moja. Alichukua karatasi kwenye printa, akavaa vipokea sauti yeye mwenyewe, akasikiliza na kufuatisha mstari kwa mstari, akitafuta. Alipata kosa moja, nukta iliyokosekana. Aliitia kwa kalamu nyekundu.

"Mkataba wako utauona Jumatatu," alisema. Akageuka kuondoka, akasimama. "Na hilo linabaki ofisini. Lina namba."

"Hapana, Mkuu," alisema Vidole, na hakupandisha sauti wala kuishusha. "Ni la cherehani ya mama yangu. Ana sare za watu. Baba atanitengenezea jingine kufikia Jumatatu, hili linarudi nyumbani."

Mkuu alilitazama kanyagio, akaitazama bendeji, akaitazama ile nukta nyekundu.

"Jumatatu, baba yako alete manne zaidi," alisema. "Ofisi itanunua."

*

Jumatatu baba alikuja amevaa koti la siku alipopokea cheti. Mama alikuja na futi yake ya kupimia shingoni, kama anavyokwenda kazini. Sare zilikuwa zimekwisha Jumapili. Kanyagio la chuma lilikuwa mahali pake chini ya mashine.

"Mmeyaleta?" aliuliza Mkuu.

"La Vidole tu," alijibu mama. "Hayo mengine kwanza nione miguu."

"Miguu?"

"Nguo haikatwi kabla ya kupimwa, mama."

Basi wachapaji wanne wakavua viatu mbele ya meza zao, wakicheka na kuona haya. Mama aliwakalisha mmojammoja, akawaambia wachape, akatazama chini kinachofanyika bila wao kujua. Mmoja alitikisa goti daima; huyo alihitaji chemchemi ngumu. Jirani wa Vidole, ambaye hakuwahi kugusa cherehani, alikuwa dereva wa pikipiki siku za mapumziko.

"Huyu breki yake iko mguu wa kulia," mama alimwambia baba. "Usimpe kukandamiza ni kwenda. Ataua mtu."

"Kukandamiza asimame," alisema baba, akaandika.

"Nilikwambia gari limekosa breki," alisema jirani, na Vidole akacheka kuliko wote.

Bwana Namba alifika na fomu. Alibandika namba kwenye kanyagio jipya la Vidole, akalowesha ncha ya kalamu. "Mtengenezaji? Safari hii nisiandike hajulikani."

Kila mtu alimtazama yule mzee mwenye koti. Alikohoa kidogo, akaweka sawa kola.

"Andika mke wangu," alisema. "Mshonaji."

"Na wewe mzee?"

"Mimi ni wa nyaya. Niweke, kama nafasi ipo."

"Nafasi ni moja tu kwenye fomu."

"Basi hata pembeni, kwa herufi ndogo."

Mama alikuwa amepiga magoti chini ya meza, hakuonekana akifanya nini na uso wake. Sauti yake ilitoka baadaye kidogo: "Mwandikie kubwa. Nyaya bila yeye ningezitoa wapi?"

Walikuwa wanakusanya vitu vyao Mkuu alipotoka mlangoni kwake. Alikuwa amesimama pale kwa muda, ameshika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na safari hii hakukificha chini ya kitu. Nyuma yake, kipanya kilichosimama wima na kimto cha viganja vilikuwa vinang'aa mezani.

"Na mimi," alisema.

Mama alisogeza kiti. "Kaa. Vua kiatu, mama."

Mkuu alisitasita, kisha akavua. Soksi yake ilikuwa imetoboka mbele, na kidole gumba kilichungulia mbele ya wachapaji watano. Vidole aligeukia skrini yake palepale, akaanza kuchapa kitu kisichokuwepo. Lakini mama alikuwa ameshakiweka kiganja chake juu ya kidole kile, kama mtu anayepima joto, na hakuna mwingine aliyeona.

"Soksi niletee kesho, niitie uzi," alimwambia kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akaulaza mguu juu ya kanyagio, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Haya. Kanyaga."

Mkuu akakanyaga.